Fomu ya Chuo na Alhamdulillah Zangu

Kiuyu, Alhamisi, baada ya laasiri.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri ikakatika adhuhuri, na sasa jua limetoka taratibu kama mgeni aliyechelewa karamu. Nimefunga. Simu yangu ndogo ya tochi nimeiweka dirishani, maana humu ndani mtandao unapatikana pale tu, upana wa kiganja, na ukiisogeza kidogo upande wa kabati umeshaikosa dunia. Nangoja ilie. Haya naandika kwa simu ya Raya ili mikono ipate kazi. Tasbihi nimeizungusha mpaka uzi umelegea.

Raya ni binti yangu mkubwa. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mwaka jana, akasema, "Mama, wewe una maneno mengi, yaweke mahali." Mnaonisoma ni nyinyi jamaa zangu mlio Unguja, Mombasa na Maskati, na mtu mmoja nisiyemjua ambaye kila nikiandika huniwekea picha ya ua. Mwenyezi Mungu akulipe, ewe mwenye ua.

Leo nakiri.

Aliyekuwa akimzuia mwanangu asiingie chuo kikuu si umasikini, si ujinga, wala si jicho la mtu. Ni ulimi wangu.

Yalianza siku chuo kilipoleta watu wake Micheweni, kwenye ukumbi wa skuli, kueleza masomo yao. Meza zimepangwa kama za arusi, kila moja na kitambaa, na nyuma yake kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Meza ya ualimu, ya uuguzi, ya kompyuta, ya biashara. Zote nilizipita nikitoa salamu na kuuliza habari za watoto, mpaka Raya akanivuta baibui akaninong'oneza kwamba hawa hatuwajui.

Kwenye meza ya sayansi ya bahari kijana akanionesha picha. "Mama, huu unaitwa mwani."

Nikamwambia, "Mwanangu, huo mwaka wa ishirini huu naufunga kwenye kamba. Ukinikata mkono utatoka mwani, damu itafuata baadaye."

Akacheka, akatueleza. Kumbe kuna shahada nzima ya kuijua bahari: maji yake, joto lake, na maradhi ya mwani. Hapo Raya akaganda. Misimu miwili sasa mwani wetu unapauka, unakuwa mweupe kama mfupa, kisha unakatika kwenye kamba na kwenda na maji. Wanawake wenzangu walisema ni hasadi. Bi Mkasi, jirani yangu, alisema ni hasadi ya wanawake wa kijiji cha pili, na akawataja kwa majina. Raya yeye aliazima kipimajoto kwa mwalimu wake, akawa kila bamvua, bahari ikitoka mbali, anapima maji na kuandika kwenye daftari. Mtoto huyu anataka kujua kwa nini, na kwa kijana yule wa shati alimkuta mtu wa kwanza ambaye hakumjibu, "Mungu ndiye ajuaye, funga kamba."

(Aliyekuwa akimjibu hivyo ni mimi. Nimesema leo nakiri.)

Meza ya mwisho iliandikwa Huduma kwa Wanafunzi. Hapo tuliambiwa kwamba mwanafunzi mwenye uhitaji anaweza kupewa nafasi ya dahalia alale hapo hapo chuoni, chakula, na kompyuta ya kuazima. Tena kuna mshauri, mtu mzima mwenye ofisi yake, kazi yake kumsikiliza mwanafunzi mwenye dhiki na siri asiitoe. Nilistaajabu. Kwetu kazi hiyo hufanywa na shangazi, naye huitoa siri kabla hujamaliza kuieleza.

Raya aliomba, na alipokewa. Tukashukuru. Lakini chuo kiko Unguja, na jamaa yetu wa Unguja ni binamu yangu mmoja, anayelala na watu wanane kwenye chumba na sebule. Wa kumi itabidi alale wima. Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kuyafahamu: Raya akipata dahalia, anasoma. Asipopata, anarudi kwenye kamba za mwani pamoja na mimi.

Ikaja fomu ya kuonesha uhitaji.

Sasa nifahamuni. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa siku nyengine akichemsha maji matupu jioni, ili majirani wauone moshi na kila mtu ajue kwamba na kwetu kumepikwa. Akituambia, "Dhiki ni kama nguo ya ndani. Kila mtu anayo, na hakuna anayeianika barazani." Mtu akikuuliza hali, jibu ni moja. Unamshukuru Mola wako, basi. Yule aliyeuliza naye anashukuru, mnaachana kwa heri, na kila mtu anakwenda kuhangaika na lake ndani kwake.

Basi Raya akakaa na kalamu, mimi nikawa nasema.

"Mama, hapa wanauliza hali ya kipato cha familia."

"Andika, Mwenyezi Mungu anaturuzuku."

Akaniangalia. Akaandika.

"Idadi ya wategemezi?"

"Andika, sote tunamtegemea Yeye."

"Mama, hii fomu ya chuo. Si dua."

Baba yake aliyekuwa amejinyoosha kwenye mkeka akasema, "Andika alivyosema mama yako."

"Changamoto zinazoikabili familia?"

"Hatuna, ila madhambi yetu."

"Jina la anayeisaidia familia?" Kabla sijafungua mdomo Raya akaweka kalamu chini. "Mama, ninajua utakalosema. Lakini hapa wanataka na namba yake ya simu."

Astaghfirullah. Nikamwambia aliruke hilo.

Baada ya wiki moja akanipigia simu Bi Nassra, afisa wa dawati hilo la huduma, anayekaa ofisi yao ya Chake Chake. Sauti ya upole, lafudhi ya Unguja. Alisema ameisoma fomu yetu na hakuifahamu vizuri, akataka anisikie mwenyewe.

Ile ilikuwa rehema, Mungu ananifungulia mlango, na mimi nikausukuma kwa mikono miwili kuufunga.

"Bi Sabra, hapo nyumbani mnakula?"

"Tunakula na tunashukuru. Wewe ukija huku usipite mlango wetu, tutakuchinjia kuku."

Kuku mwenyewe ni mmoja, na anatotoa.

"Na nyumba yenu ikoje?"

"Nyumba tunayo, alhamdulillah. Pana upepo mzuri."

"Mzee anafanya kazi?"

"Anashughulika."

"Hakuna tatizo lolote?"

"Hakuna, Bi. Tuko salama salmini."

Nilipoikata simu nilijiona mtu mwenye adabu kubwa. Baba Raya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku tatu baadaye ikaja barua kwenye simu ya Raya: mwombaji hakuonesha uhitaji, nafasi yake ya masomo ipo, ila ya dahalia hakupata. Anayetaka kukata rufaa aje na mzazi wake Chake Chake, Jumatatu.

Raya aliisoma mara mbili. Hakulia, hakunitazama kwa ukali. Alisema, "Alhamdulillah," akachukua kamba zake akaenda pwani.

Neno lile lile. Kutoka kwenye mdomo wangu nililiona kama ua. Kutoka kwenye mdomo wake lilinichoma kama mwiba wa samaki taa.

Nikenda kwa Bi Mkasi. Bi Mkasi tumefunga mwani pamoja tangu tukiwa wasichana, na ni mtu ambaye hana siri, si yake si ya mwenziwe. Nilipomhadithia alijipiga paja.

"Mama Raya weye! Mtoto kapakuliwa wali, weye wasema hali, ana shibe?"

Akasema atanifundisha. Akajifunga mtandio shingoni uwe tai, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akajitia ni Bi Nassra.

"Haya mama. Hali za nyumbani?"

"Alhamdulillah."

"Umeshakosa! Rudi kwenu. Tena. Mwala mara ngapi kwa siku?"

"Twashiba."

"Mwongo nkubwa! Jana kaja nani hapa na bakuli kutaka unga?"

"Mkasi, hilo nalo huwezi kulisema polepole?"

Tulirudia, mikono inafunga mwani, mpaka mbegu za kufunga zikatuishia. Kila nikijitahidi kusema "hatuna", mdomo unateleza wenyewe. Mwisho akakata tamaa. "Basi usiseme. Lia tu. Kulia hakuna maneno."

Nikamwambia mie kulia mbele za watu sijui. Akasema tazama, akanionesha.

Wallahi Mkasi ana kipaji. Alijitupa ukutani, akaachia ukelele mmoja mrefu uliopanda mpaka juu ya minazi, ukashuka kwa kwikwi. Mie mwenyewe nikaanza kutokwa na machozi nisijue ninamlilia nani. Kabla hajaanza wa pili, ua ulikuwa umejaa watu. Bi Time, jirani wa nyuma, kaja mbio na mkeka kwapani, mikono ina unga, anauliza, "Keshakufa nani? Keshakufa nani?" Wanawake wawili wakaanza kulia kabla hata hawajaambiwa jina. Na Mzee Faki, ambaye hukosi kumuona kwenye mazishi, akachungulia kwenye upenu na jembe begani, akauliza kwa upole kaburi litakuwa upande gani.

Tukasema hakuna aliyekufa. Mzee Faki aliondoka amenuna. Bi Time akasema maadamu mkeka umeshatandikwa tukae, na tukakaa mpaka magharibi. Kwa hiyo kijiji kizima kikajua. Ile nguo ya ndani aliyoisema bibi, Mkasi alinianikia kwenye mnazi.

Lakini lililonikera si aibu peke yake. Niliogopa dhambi. Mtu anayemweleza afisa kwamba ana shida, si kama anamshitaki Mola wake kwa viumbe? Nikafunga safari ya nyumba tatu mpaka kwa Ustadhi Khatib, anayesomesha watoto madrasa, nikasimama mlangoni nikamuuliza.

Akafikiri. "Bi Sabra, ukienda hospitali, daktari akikuuliza panauma wapi, unamwambia alhamdulillah?"

"Ndivyo ninavyomwambia, Ustadhi."

"Ah. Ndiyo sababu mwaka jana ulikwenda na jino bovu ukarudi na dawa ya minyoo."

Hilo nalo alilijua. Tulipo hapa, dunia ndogo.

"Mimi sikufundishi kulalamika," akasema. "Wala usende ukajitia kulia, Mkasi ametutia hofu inatosha. Sema kweli tu. Kweli haina haja ya kilio."

Kusema ni rahisi, Ustadhi.

Jumatatu tukaenda Chake Chake, mimi, Raya na Baba Raya na fimbo yake. Mkasi aliniambia nivae baibui langu lililotoboka kiwikoni, nikakataa. Siwezi kwenda mbele ya watu na tobo. Nikavaa la Idi, lenye shanga, aliloniletea dada yangu kutoka Maskati, na udi nikajifukiza. Nilipojiona kwenye kioo cha mlango wa ofisi nilijijua nimeshakosea. Nilifanana na mama mwenye duka.

Bi Nassra ni mtu mzuri, mdogo kuliko sauti yake. Alisimama akatupokea, akamwamkia Baba Raya shikamoo, akatuweka kwenye viti. Akafungua faili. Akasema taratibu, "Mzazi wangu, kamati haisomi nyoyo. Inasoma karatasi. Nielezeni, hali ya nyumbani ikoje?"

Nilikuwa nimejitayarisha. Nimeyakariri njia nzima. Nikavuta pumzi.

"Alhamdulillah," nikasema.

"Alhamdulillah," akasema Baba Raya.

Kalamu ya Bi Nassra ikasimama. Alitutazama, akalitazama baibui langu na shanga zake, akaanza kulifunga faili polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa asimwamshe. Nikageuka nikamuona Raya. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikaviona vile viatu.

"Ngoja, Bi Nassra," nikasema. "Mimi kulalamika sijui. Nimejaribu, nimefundishwa na mtaalamu, na watu wakaleta mkeka wa matanga. Lakini kushukuru najua. Basi niandikie shukurani zangu."

"Shukurani?"

"Eh. Andika. Alhamdulillah, Raya ana viatu. Na mdogo wake anayemfuata ana viatu. Ni hivyo hivyo. Mmoja alikuwa akenda skuli asubuhi na mwengine mchana, wakipokezana njiani penye mkorosho. Namshukuru Mungu miguu yao imelingana."

Bi Nassra akalifungua faili.

"Alhamdulillah, paa letu linavuja upande mmoja tu. Na pale panapovuja tumeweka ndoo, mvua ikinyesha udhu tunatilia ndani. Alhamdulillah, tuna taa ya jua, moja. Raya akisoma, wadogo zake watatu wanamzunguka kupata mwanga, sasa yule wa miaka saba anajua habari za chumvi ya bahari, na kusoma jina lake bado. Alhamdulillah, tunakula mara mbili kwa siku. Ramadhani ikiingia, tunakuwa sawa na matajiri."

Nilisikia kalamu inakwenda. Nilipoanza, nilishindwa kunyamaza. Mola amenipa neema nyingi, sikuwahi kuzitaja zote pamoja mbele ya mtu anayeandika. Nikamshukuru kwa mwani, kwamba ulipokatika ukenda na maji kamba zilibaki. Nikamshukuru kwa kuku, nikamuomba Bi Nassra radhi kwamba karamu ile niliyomwahidi ingekuwa ngumu kidogo.

"Na Mzee?" akauliza.

Baba Raya ni mtu ambaye tangu nimjue amesema maneno ambayo ningeweza kuyatia kwenye kisahani. Alikuwa akivunja mawe, mpaka siku jiwe lilipoporomoka likampata mgongoni. Akakohoa. "Alhamdulillah," akasema. "Jiwe lile lilinigonga baada ya kuswali adhuhuri. Sikudaiwa sala." Akafikiri tena. "Na fimbo hii niliichonga mwenyewe."

Bi Nassra aliinamisha kichwa akaandika hilo pia. Kisha akauliza, bila ya kuinua macho, "Kuna shukurani nyengine?"

Nikasema hizo ndizo nizikumbukazo.

"Ipo moja," akasema Raya.

Mtoto huyu hazungumzi mbele ya watu. Nilidhani ataomba maji.

"Alhamdulillah, mama yangu hufunga sana. Hufunga Jumatatu na Alhamisi, sunna. Na hufunga siku ambayo unga haukutosha. Hutupakulia sote, akasema yeye leo kafunga. Mwezi uliopita alifunga hata Ijumaa na Jumapili. Niliandika kwenye daftari."

Kwenye daftari la joto la maji.

Mimi nilidhani hilo nalijua mimi na Mola wangu tu. Baba Raya alinigeukia na fimbo yake ikaanguka, na hakuna aliyeiokota. Miaka yote najitia hodari wa kuchemsha maji matupu, kumbe nyuma yangu kuna mtu na kipimajoto.

Bi Nassra alichukua kitambaa akafuta miwani. Kwenye karatasi alikuwa na mahali pameandikwa Changamoto za Familia. Nilimuona anapiga mstari, juu yake anaandika Shukurani, na chini yake ukurasa umejaa mpaka pembeni. Akatwambia kamati itakaa Alhamisi na yeye atatupigia.

Alhamisi ndiyo leo.

Nasitisha hapa. Simu inalia.

Narudi. Mkiona herufi zimekosewa nisameheni.

Nilipoifikia dirishani nilikuwa nimejigonga goti kwenye kabati, na sahani moja imevunjika, alhamdulillah ilikuwa na ufa tangu zamani.

"Asalaam aleikum, Bi Sabra. Hali za hapo nyumbani?"

"Wa aleikum salaam. Alhamdulillah."

Nikasikia droo inafunguliwa. "Subiri basi," akasema Bi Nassra, "nitafute kalamu."

Tukacheka sote wawili, mimi hapa nimesimama mguu mmoja nisiupoteze mtandao. Kisha akanambia. Raya amepata dahalia. Amepata chakula, na kompyuta ya kuazima mpaka amalize masomo. Aende Unguja wiki ijayo. Mwenyekiti wa kamati, akasema, hajapata kuona fomu ya uhitaji yenye furaha kama ile, na aliomba isomwe mara mbili.

Nilisujudu pale pale kwenye vigae vya sahani.

Mkasi alikuwa upande wa pili wa ua na masikio yake. Akapiga ukelele, na safari hii ulikuwa wa furaha, ila anayeweza kutofautisha kelele za Mkasi bado hajazaliwa. Bi Time akatokea na mkeka. Mzee Faki akatokea na jembe. Alipoambiwa ni habari njema alisema alhamdulillah, lakini kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa mara mbili.

Jambo moja nilimuomba Bi Nassra kabla hatujaagana. Nilimwambia, yule mshauri wenu mwenye ofisi, mpelekee salamu zangu, na mwambie mwanangu akija mbele yake akaulizwa hali, atajibu alhamdulillah. Asimuache aondoke. Amuulize, "Na nini tena?" Akasema ataliandika kwenye faili.

Sasa watu wameondoka na mkeka umerudi kwao, na furaha imetulia, ndipo lililo zito likanijia. Mtoto huyu anakwenda ng'ambo na ulimi wangu kinywani mwake. Nitampigia, nitamuuliza, "Hujambo mwanangu, hali yako?" na atanijibu kama nilivyomfunza. Atakuwa ana homa, atasema alhamdulillah. Atakuwa ana njaa, atasema alhamdulillah. Na mimi hapa, akiniuliza yangu?

Magharibi imeadhiniwa. Nimefuturu kwa maji na tende moja.

Raya ameniita. Ametandika jamvi, wadogo zake na baba yao wameshakaa na kula wanakula. Mbele yangu ameniwekea sahani, muhogo wa nazi na kipande cha papa, imejaa mpaka ukingoni. Mbele yake hakuna kitu.

Nimemuuliza, "Yako iko wapi?"

Kasema, "Mimi kule jikoni nimeshakula, Mama. Alhamdulillah."

Nimemtazama mpaka akaangalia miguu yake.

"Na nini tena?" nikamuuliza.

Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akasogea. Tumekula sahani moja.